Pazia la Kitenge

Kila nikinusa kitenge kipya, ile harufu yake ya nta na rangi, narudi kwenye banda la video la Mpwapwa, Jumapili moja baada ya kanisa. Jua lilipenya kwenye matundu ya magunia yaliyozunguka banda, na vumbi jekundu lilielea mbele ya televisheni. Mama alikuwa amenipakata.

Filamu ilikuwa ya kizungu, hakuna aliyejua kinachosemwa. Mwanamke mwenye gauni la kijani alichana nywele dirishani, polepole. Ng'ambo ya barabara, mwanamume nadhifu mwenye tai alimtazama kupitia upenyo wa pazia lake. Muziki ulikuwa mtamu mno. Akina mama wakapaza sauti, "We dada, funga dirisha!" Banda zima likaangua kicheko.

Mama hakucheka. Alisema tu, "Kumbe."

Tulipofika nyumbani alitoa kitenge chake cha kijani, hata hakijashonwa, akakipigilia misumari kwenye dirisha letu linalotazamana na chumba cha mwenye nyumba. Halikuwahi kuwa na pazia. Kwa joto lile, nani angeziba upepo? Chumba kikajaa mwanga wa kijani, nikasinzia kama niko chini ya maji.

Asubuhi tulimkuta mwenye nyumba uani, mzee mpole aliyezoea kunipa pipi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamgeukia Mama, akitabasamu. "Mwanangu, mbona leo hukuchana nywele?"

Nywele za Mama zilikuwa zimechanwa vizuri, zinang'aa mafuta.