Siku Kumi na Tisa Bila Kuzima

Waliokuwepo nawataja kwanza, maana watu wa siku hizi wanakusimulia jambo mwanzo mpaka mwisho na hujui nani alikuwa ndani ya nyumba. Nilikuwepo mie, Bi Mwajuma. Alikuwepo shemeji yangu Hamza, mdogo wake marehemu mume wangu. Mume wangu mwenyewe, Salum, wakati ule bado yu hai, alikuwa kazini bandarini, kwa hiyo simhesabu. Walikuwepo wanangu wawili, Idi na Zuhura. Na alikuwepo Mama Fausta, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Masasi, mumewe akichonga vinyago. Watano. Mahali ni Mwananyamala, miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumwagika madukani na kila mwenye begi akajiita mfanyabiashara.

Kilichonikumbusha ni kelele. Ijumaa iliyopita wajukuu zangu, Nasri na Rehema, watoto wa Zuhura, waliruka juu ya kochi langu wakipiga mayowe, hata shikamoo hawakunipa, nikadhani kuna msiba. Kumbe gemu. Ile gemu ya vita vya ngome, iliyokuwa ikichezwa kwenye kimashine cha kuchomeka kwenye televisheni, eti sasa inatoka ya kompyuta. Nasri ananikumbatia kana kwamba ni mie niliyeitengeneza. "Inakuja, Bibi, inakuja!" Inakuja kutoka wapi? Mie nimelala nayo nyumba moja mama yenu hajaota hata matiti. Wakanionyesha kwenye simu: ngome zinang'aa, farasi wanatoka jasho. Na uzuri wake mkubwa, wanasema, unahifadhi popote ulipo. Ukishindwa unarudi nyuma dakika moja, unajaribu tena. Nilicheka hadi meno ya bandia yakataka kunitoka. Vita gani hivyo? Huko si kupigana, ni kuonja chumvi.

Mashine ya kwanza kuiona aliileta Hamza kutoka Dubai. Alikaa Dubai siku tisa, mwenzangu, tisa tu, akarudi anatembea kama mtu aliyezaliwa hotelini. Kandambili hakuvaa tena. Alileta televisheni, ile mashine, pasi ya umeme, na manukato yaliyokuwa yanamtangulia mlangoni. Gemu ilikuwa moja tu, maandishi yake yote ya Kijapani, kama kuku aliyekanyaga wino. Kulikuwa na kijitabu. Hamza akakishika mbele ya macho, akakunja uso, akatusomea: "Hapa wanasema ukizima umepoteza kila kitu. Unaanza upya." Tukaitikia. Mie darasa la nne sikulimaliza, ningembishia nini? Lakini kijitabu alikishika juu chini, farasi kwenye picha wamening'inia miguu hewani. Niliona. Nikarudi jikoni.

Zuhura alikuwa na miaka kumi na miwili. Alianguka mtaroni akitoka kuchota maji, hospitali wakamfunga hogo, lile plasta gumu jeupe, kutoka vidoleni mpaka pajani, wiki sita. Wenzake wakaenda shule, yeye akabaki na mie chumba cha mbele, mguu umepandishwa juu ya mto. Idi alikuwa ameshaichoka ile gemu. Kila akicheza analitoa jeshi lake lote kwa mkupuo kama watoto waliosikia kengele ya mapumziko, anakufa kabla ugali haujaiva. Zuhura akaomba ajaribu. Hamza akaangua kicheko: "Haya, jemadari wa mguu mmoja, tukuone."

Mtoto yule hakukurupuka. Siku mbili nzima hakupigana na mtu, anajaza ghala mpunga tu. Akaniomba ungo, kunde na choroko. Kunde jeshi letu, choroko maadui. Anazipanga kwanza kwenye ungo, anazitazama, anajikuna ndani ya hogo kwa njiti ya ufagio, ndipo anabonyeza. Majina ya ngome hatukuweza kuyasoma, akazipa ya kwetu. Ile iliyobanana vijumba ikawa Kiwalani. Ile ya mwisho kabisa kule juu, ya kijivu, yenye moshi, ikawa Wazo, kwa sababu ya kiwanda cha saruji. Kunde zile sikuzipika. Jeshi halipikwi.

Na mashine haikuzimwa. Siku moja, siku tatu, wiki, wiki ya pili. Sie tulikuwa laini moja na hospitali, umeme kwetu ulikuwaga haukatiki ovyo. Usiku tunazima kioo, mashine inabaki na kijitaa chake chekundu. Mchana ikishika moto naikalisha juu ya sinia la bati, naipepea kwa kipepeo kilekile cha jikoni: mkono huu mashine, mkono huu jiko la vitumbua. Chumba kizima kinanuka mafuta ya nazi na vumbi lililoungua. Na muziki wake ule, pi-pi-pi-piii, mbaya kuliko mbu, mpaka leo nikiamshwa ghafla nakuimbia wote.

Mama Fausta alikuja siku ya kwanza kuomba kiberiti, hakuondoka tena. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, anachambua kisamvu, anatoa amri.

"Zuhura, hao usiwaonee huruma. Wakifika darajani wafungie."

"Bado, mama. Waache waingie wote."

"Mh! Mtoto una roho ya mwenye nyumba wewe."

Hamza naye akitoka kuoga lazima apite na neno lake. "Mwanamke na vita wapi na wapi? Huyu Wazo ataiteka akiwa na wajukuu."

"We Mdubai," Mama Fausta anamjibu bila kuinua macho, "kavae shati kwanza. Kifua chenyewe kama cha njiwa."

Siku ya kumi na tisa ilibaki Wazo peke yake. Saa nne asubuhi. Kwenye ungo zimebaki choroko nane, kunde zimezizunguka pande tatu. Zuhura akaniambia, "Mama, kabla ya adhuhuri naimaliza." Nikamtazama. Tangu aanguke nilikuwa namwona mtoto mgonjwa, wa kuinuliwa, wa kupelekwa chooni mgongoni. Asubuhi ile alikaa wima kama mtu mwenye nchi yake.

Hamza akaingia na shati jeupe begani. "Shemeji, nipigie pasi. Nakutana na watu wazito mjini."

Nikamwambia ngoja nikuwashie ya mkaa.

"Ya mkaa itanidondoshea majivu. Nipigie na ya umeme."

Soketi iliyokuwa nzima nyumba ile ni moja tu, na televisheni na mashine zimechomekwa hapo. "Mtoto anamalizia," nikasema. "Subiri kidogo, shemeji."

"Shemeji," akasema, taratibu, mbele ya Mama Fausta, "kwani mashine ya nani?"

Basi. Hakunipiga, hakunitukana. Kaniuliza swali moja tu. Watu huniambia, Bi Mwajuma una mdomo mkali, wewe humwogopi mtu. Wangeniona siku ile. Mdomo mkali nilionao nimeuokota baadaye, ulipokuwa hauna kazi tena. Niliinama nikachomoa. Kwa mkono huu. Nikatandika blanketi mezani, nikachomeka pasi, nikaanza na kola, nikaja mikono, nikamaliza mgongo. Na nililinyoosha vizuri, mwenzangu, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Halikuwa na mkunjo hata mmoja.

Mama Fausta alikusanya kisamvu chake akatoka bila kuaga. Hamza akavaa, akajipulizia, akaenda kwa watu wake wazito, ambao hatukuja kumwona hata mmoja maishani. Idi akaingia mbio kutoka dukani nilikomtuma, akakuta kioo cheusi.

"Nani kazima?"

Nikashika pasi tu.

"Umeme umekatika," akasema Zuhura.

Pasi ya moto iko mkononi mwangu, redio ya Mama Fausta inaimba upande wa pili wa ukuta, na mtoto anasema umeme umekatika. Idi alinitazama, akaitazama pasi, akatoka nje. Zuhura akazichanganya kunde na choroko kwa kiganja, akanisogezea ungo. "Pika tu, mama."

Nilipika. Tulikula na chapati. Hogo lilipofunguliwa alirudi shule, na mashine Hamza aliichukua kabla ya mfungo, sijui aliipeleka wapi. Mtoto hakuiulizia.

Sasa hao wajukuu. Walipochoka kuruka, Rehema akanieleza, kwa ile sauti wanayotumia kumweleza mtu mzima kama kiziwi: "Bibi, hata ile ya zamani ilikuwa inahifadhi. Ukifungua orodha, mstari wa tatu." Mstari wa tatu. Siku kumi na tisa tumeupita kila saa tukienda wa nne. Mie napepea, Zuhura anajinyima hata kusinzia, na yule mpuuzi na kijitabu chake cha kusimamisha farasi kichwa chini. Hapo sikucheka.

Nasri akamgeukia mama yake, aliyekuwa anakuna nazi pale mlangoni. "Mama, wewe uliwahi kuimaliza?"

"Ilibaki kidogo," Zuhura akasema. "Umeme ukakatika." Akaendelea kukuna nazi. Mtu mzima, ana nyumba yake, hakuna anayemlazimisha.

Nyumba ile ilishavunjwa, pale sasa pana ghorofa lisilo na hata kibaraza cha mtu kukaa kuchambua mboga. Mama Fausta amezikwa kwao. Hamza naye ameshatangulia, nimemsamehe kwa mdomo, moyo unajua wenyewe. Wajukuu wana soketi sita chumba kimoja na bado wananuniana, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumlindia mwenzake kitu siku kumi na tisa. Wacheze tu. Watamaliza Wazo mara mia, na hawatajua imeitwa Wazo.

Nyie mliokuwa Mwananyamala miaka ile, hasa wa upande wetu, mie majina siyakosei, lakini mengine uzee huenda umeyapindua. Kama yupo anayekumbuka kwamba asubuhi ile umeme ulikatika kweli, hata dakika tano, aje anisahihishe. Nitamwamini.