Gauni Jeusi la Wifi

Fundi cherehani alikuwa na saratani ya titi, lakini kilichomchosha zaidi ni wifi yake, dada wa mumewe, mwenye mdomo usio na kitasa. Wifi alikuwepo daktari aliposema damu ya fundi ina protini nyingi, ile inayopanda mwili unapowaka ndani, na kwamba ikibaki juu si dalili njema kwa ugonjwa ule. Basi tangu siku hiyo akajifanya karani wa vifo. Mungu hakuwa amemwajiri.

"Anaungua huyo kama mkaa," aliwatangazia wanawake sokoni. "Hata uzi hakati tena kwa meno. Kwisha habari yake!"

Kisha, bila hata chembe ya haya, akamletea fundi kitambaa cheusi.

"Nishonee gauni, wifi yangu. Refu, la heshima."

"La shughuli gani?"

"Aa, la akiba tu."

Fundi alimzungushia futi kiunoni, akaelewa. Jioni akamwambia mumewe haendi kupasuliwa. "Nikatwe titi la nini, na dada yako ameshapimwa gauni la msiba?"

"Dada yangu chai tu inamuungulia," mume akasema. "Leo ndiyo ajue damu? Twende."

Hospitalini daktari akamwona anavyozungumza kwa upande mmoja wa mdomo. "Fungua mdomo, mama." Lile jino la kukatia uzi lilikuwa limeoza, fizi imejaa usaha.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuja kwa titi, daktari. Sikuja kwa jino."

"Damu haina vyumba, mama. Jino bovu nalo hupandisha protini ile ile. Tuling'oe, tupime tena."

Jino likang'olewa, protini ikashuka. Daktari hakumwahidi miaka. Saratani bado ilikuwepo, alisema, ila kipimo kimoja si hakimu. Fundi akapasuliwa, akaanza dawa, akimshukuru Mungu kwa kila asubuhi.

Kidonda kilipopona akamalizia gauni. Wifi akaja kulichukua, kanywea kama kuku aliyenyeshewa. Fundi akakata uzi wa mwisho kwa meno ya upande wa pili.

"Limekukaa vizuri, wifi. Usilivue."

"Niende nalo wapi mchana huu?"

"Sokoni. Kule kule ulikonizika."