Sindano ya Kutoonekana

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipopelekwa kufundisha katika kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Chanika, wilayani Handeni. Kijiji kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka vitongoji vyao vya zamani, wakapangwa kwa mistari pande mbili za barabara, na nyumba nyingine zilikuwa bado hazijakandikwa udongo upande mmoja. Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri, watu wakishatoka kwenye shamba la kijiji, niliwafundisha wazazi wao kusoma na kuandika katika chumba kile kile.

Kitabu cha kisomo tulichopewa kilikuwa cha kilimo cha pamba. Watu walioshinda kwenye palizi ya pamba walikuja kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu, wakasoma habari za palizi ya pamba. Walisinzia, na siwalaumu. Mwezi wa pili nilikuwa nimebakiwa na wanafunzi tisa.

Ndipo nikaanza kuwaandikia hadithi ubaoni. Nilipokuwa chuoni Korogwe, mwalimu wetu wa sayansi aliwahi kutumbukiza kijiti cha kioo kwenye bilauri ya mafuta, na kijiti kikapotea machoni petu. Alituambia kwamba mwanga ulikuwa unapita kwenye kioo kama unavyopita kwenye mafuta, kwa hiyo jicho halikuwa na cha kushika. Jambo lile lilinikaa kichwani. Nikatunga daktari aliyejenga maabara ndani ya shamba la mkonge, mwenye sindano ya kuufanya mwili wa mtu upitishe mwanga. Vibarua waliochomwa sindano hiyo walipotea machoni pa watu, lakini waliendelea kukata mkonge, na kwa kuwa hawakuonekana, hakuna aliyewaulizia. Kisha nikamleta nesi mmoja jasiri aliyegundua kwamba ukiwarushia unga, umbo la mtu linajitokeza.

Kila siku niliandika sentensi nane au kumi za maneno mepesi, nikakatisha pabaya. Mlango umefunguka na hakuna mtu. Nesi amesikia pumzi nyuma yake. Wanafunzi walinakili kwenye madaftari yao, wakaenda kuwasomea watu nyumbani. Baada ya wiki mbili darasa lilijaa, wengine wakasimama madirishani. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima aliyekuwa akitia kidole gumba tu kwenye karatasi za serikali, naye alianza kuja akakaa dawati la nyuma. Nilijiona mwalimu hodari kuliko wote wilayani.

Halafu gari la afya likaja na sanduku la chanjo.

Bwana afya aliegesha mbele ya ofisi ya kijiji, akapanga meza na spiriti yake, akasubiri. Kwa kawaida kina mama wangekuwa wameshapanga foleni, watoto migongoni. Siku hiyo barabara ilikuwa tupu. Nilipopita nyumba kwa nyumba nilikuta moto jikoni na sufuria juu yake, watu hamna. Walikuwa wameingia porini na watoto wao tangu gari lilipoonekana kwenye kilima. Hadi saa nane walikuwa wamechanjwa watoto wanne, na wawili kati yao walikuwa wa katibu wa kijiji.

Mwenyekiti aliniita pembeni.

"Mwalimu, watu wanasema sindano imekuja. Ile ya ubaoni."

"Mwenyekiti, ile ni hadithi tu. Niliitunga mwenyewe."

"Umeitunga? Mimi nilikuwa nangoja tubaki wawili nikuulize hilo shamba liko wapi, ili nitoe taarifa wilayani."

Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani, ndipo nikaelewa nilichofanya. Hadithi za bibi yangu kule Mashewa zilikuwa na mlango wa kuingilia. Bibi alitaja kwanza kwamba ni hadithi, sisi tukaitikia, na kila mtoto akajua kwamba kuanzia hapo sungura anaweza kusema. Mimi sikuwa nimeweka mlango wowote. Niliandika ubaoni kwa chaki ya serikali, chini ya tarehe, pale pale nilipokuwa nikiandika nafasi kati ya shina na shina la pamba. Kila kitu walichokuwa wamesoma maishani mwao kilikuwa cha kweli. Sikuwahi kuwaambia kwamba mtu anaweza kukaa chini akaandika jambo ambalo halikutokea.

Kesho yake alasiri walirudi darasani, wengi wao. Nikawaambia. Nilisema daktari hayupo, maabara haipo, sindano haipo, nesi hayupo. Niliwaambia kwamba niliyatoa yote kichwani ili wapende kusoma.

Mzee mmoja wa mbele akauliza kwa upole, "Sasa mwalimu, na habari za pamba nazo ulizitoa kichwani?"

"Hapana mzee. Za pamba ni za kweli."

"Sisi tutajuaje?"

Kabla sijajibu, mwanamke mmoja akasimama. Alikuwa mwanafunzi wangu bora, mama wa mtoto mmoja wa kike, mtu wa maneno machache, ambaye mumewe alikwenda kutafuta kazi ya mkonge upande wa Korogwe miaka minne nyuma na hakusikika tena.

"Mwalimu," akasema, "kama ulitunga, basi mimi juzi nilifanya nini?"

Akaeleza akiwa amesimama hivyo hivyo, mikono juu ya dawati. Jumamosi iliyotangulia alikuwa amepanda basi hadi lile shamba alilosikia mumewe alikwenda, na unga wa mahindi kwenye fundo la khanga. Alikwenda mpaka kwenye kamba za kuanikia mkonge. Kila aliposikia kishindo asione mtu alirusha unga. Alirusha mpaka ukaisha. Mlinzi akaja akamshika mkono, akamtoa hadi barabarani bila kumfokea, akidhani ana matatizo ya akili.

"Nilifurahi niliposoma ile habari yako," akasema. "Nilijua sasa kwa nini harudi."

Niliweka chaki chini.

"Tutakwenda wote, mama," nikamwambia. "Mimi na wewe. Tutamwuliza karani."

Tulikwenda Jumamosi. Yule mama alimwacha mtoto kwa mama mkwe. Njiani nilijaribu kumwomba radhi, akasema, "Ngoja kwanza tufike."

Karani wa shamba alikuwa kijana mwenzangu, mpole, akafungua daftari la miaka ile akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Jina halikuwemo. Akafunga. Nikamwomba atuitie mtu wa siku nyingi, akamwita mnyapara mmoja mzee ambaye, kama yule mama, alikuwa Mzigua wa Handeni.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia.

"Marahaba. Huyo mtu wenu alikuwaje?"

Mwanamke yule akasema alikuwa mrefu kiasi, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa hakina ncha, alijikata na shoka akiwa kijana.

Mnyapara akavua kofia. Akatuambia tukae. Tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Akasema alimjua vizuri. Alifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya kazi, cha mtu mwingine aliyeacha kazi, ndiyo maana jina halikuonekana, na vibarua wengi walifanya hivyo. Alikuwa hodari na alipenda kuimba akiwa kwenye mstari. Aliugua kichomi wakati wa masika ya mwaka juzi, akakaa siku sita, akafariki.

"Hatukunyamaza, mama," mnyapara akasema. "Tulimtuma mtu hadi kwenu, alikotutajia. Alirudi akasema amekuta mahame. Nyumba zimeanguka, hakuna hata kuku, na hakuna wa kumwuliza wamehamia wapi."

Yule mama akaitikia kwa kichwa. Alijua ilikuwa wakati gani. Ndio mwezi walipobomoa wakapakia milango yao kwenye lori kwenda kijiji kipya.

"Mlimwosha?" akauliza.

"Tulimwosha. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao."

Mnyapara akatupeleka kaburini, nyuma ya kambi, penye majani marefu. Halikuwa na alama, lakini hakubabaika, alihesabu hatua kutoka kwenye mti wa mnyaa akatuonyesha. Yule mama alichuchumaa akaomba dua. Alilia kidogo, kwa sauti ya chini, kisha akajifuta kwa khanga akaanza kung'oa majani. Mimi na mnyapara tukamsaidia mpaka pakawa peupe.

Tulipokuwa tunaaga ofisini, yule mama akamwomba karani daftari. Akataka aonyeshwe lile jina la kuazima. Mnyapara akalitaja, karani akamwonyesha.

"Nipe kalamu."

Karani akaniangalia. Lile lilikuwa daftari la shamba, na nadhani hakuruhusiwa. Kisha akaligeuza, akamsogezea na wino. Yule mama akaandika jina la mumewe pembeni ya lile jingine, herufi moja moja, majina matatu kamili. Alikosea herufi moja akairudia. Ilimchukua muda mrefu, na sote tulisubiri.

Kwenye basi ndipo nilipomwomba radhi tena. Alikuwa anatazama nje, kwenye mikonge inayopita.

"Nilikuwa na hasira na wewe," akasema. "Hata sasa ninayo. Lakini bila ule uongo nisingekuja."

Kijijini tulimweleza mwalimu wa madrasa, naye akasema muda wa eda ulikwisha kupita tangu zamani, hana deni la kukaa. Yeye alikaa ndani siku kumi hata hivyo, kwa hiari yake, na wanawake wakawa wanamchotea maji. Siku ya kumi na moja alikuja darasani akawaambia wenzake habari yote. Walimwamini yeye. Mimi wangeniamini kwa shida.

Gari la afya lilirudi mwezi uliofuata, baada ya mimi na mwenyekiti kwenda kwa baiskeli mbili za kuazima kumwomba bwana afya. Nilichanjwa mimi kwanza mbele ya watu, ingawa nilikuwa na kovu la chanjo tangu utotoni. Wakanitazama mkono, halafu uso, kama wanangoja kitu. Kisha yule mama akapita katikati yao amemshika bintiye mkono, akamkalisha mezani.

"Mchanje huyu," akamwambia bwana afya. "Polepole, waone."

Foleni ilijipanga nyuma yake, na haikukatika mpaka dawa ikaisha.

Hadithi sikuimalizia. Nilirudi kwenye pamba, na darasa likapungua, ingawa si kama mwanzo. Mwaka uliofuata nilihamishiwa shule ya karibu na kwetu Mashewa. Siku naondoka, alasiri, nilipita darasani kuaga. Yule mama alikuwa amesimama mbele, ameshika chaki, anawaonyesha wageni watatu waliohamia karibuni jinsi ya kuandika majina yao. Alinipungia mkono akaendelea.