Shangazi Aliniambia Nikae Kwanza

Nakumbuka Jumapili moja, nikiwa kijana wa kuringia shati, tulitoka Arua watatu asubuhi kwenda kupanda kilima upande wa Kuluba, kule Koboko. Nimeikumbuka kwa sababu yako, mwanangu. Umesema Jumamosi unakwenda hukohuko na wenzako, mpande, mpige picha, mrudi kabla ya giza. Nenda. Ni pazuri, sitakudanganya. Lakini kaa unisikilize, maana mimi kilima kile nilikipanda vizuri sana, na mpaka leo sijui kaburi la baba yangu liko wapi.

Ulishasikia kwamba babu yako alifariki wakati wa vita, watu wanakimbilia Kongo. Mama alikuwa ametangulia na sisi watoto. Baba aliugua njiani, akabaki nyuma na dada yake, na kilichotufikia baadaye ni kwamba amezikwa. Basi. Tukakulia ng'ambo ya mpaka, tukajua soko, tukajua muziki, tukajua kuwajibu wakubwa harakaharaka. Mila za nyumbani hazikuwa na mtu wa kutufundisha. Tuliporudi Arua nikaanza kuuza mitumba, nikajiona mtu wa mjini kabisa. Shangazi, yule dada aliyebaki na baba, yeye alikuwa amejenga chini ya kilima kile, kwenye kamji ka maduka machache na kanisa la nyasi.

Alitupokea mikono imejaa unga wa muhogo. Akatoa viti.

"Kaa kwanza, mutoto yangu," akasema. "Kula, lala. Kilima iko tu. Kesho asubuhi tutapanda na mimi."

"Hapana, mama, kesho iko kazi. Tunaona tu, tunashuka."

Wenzangu walikuwa wameshaanza kupanda. Nikaona haya kukaa na mwanamke mzee kama mgonjwa, nikawafuata.

Juu kule, mwanangu, macho hayatoshi. Kongo upande huu, Sudani upande ule, mashamba ya muhogo na ufuta katikati, na moshi wa majiko ya watu unapanda taratibu. Kuna mapango ambamo, wazee husema, watu walijificha wakati wa wateka watumwa. Tulipiga kelele mapangoni tusikie sauti zetu zikirudi. Mwenzangu mmoja alikuwa na kamera, nikasimama juu ya chungu ya mawe, mkono kiunoni, akanipiga picha. Picha hiyo ninayo. Siipendi kuitazama.

Tuliposhuka jua lilikuwa limeinama na gari la Arua linapiga honi. Shangazi alikuwa amepika osubi, majani yetu ya kunde, kwa ufuta wa kusaga, na ugali wa mtama ameufunika vizuri. Nikala matonge mawili nimesimama. Halafu, ujinga wa ujana, nikamwuliza nikiwa nanawa, "Mama, baba walizika yeye wapi?"

Akanitazama. Akavuta kiti karibu na miguu yangu.

"Kaa," akasema.

"Nitakaa siku ingine, mama. Gari inaenda."

Hakuniita tena. Alisimama mlangoni mpaka tukapotea, na mimi njia nzima nikawachekesha wenzangu kwamba shangazi yangu anapenda viti kuliko watu.

Mvua zilipoanza, nikaletewa habari kwamba amefariki. Baada ya mazishi, jirani yake, mzee mmoja aliyekuwa akimletea kuni, akanivuta pembeni.

"Ile siku alitaka kukuonyesha baba yako," akasema. "Iko kule juu, chini ya mawe. Yeye tu alikuwa najua ni mawe gani. Lakini wewe ulisimama. Angekuambia namna gani?"

Ndipo nikajifunza. Kwa watu wa baba, habari ya marehemu haisemwi kwa mtu aliyesimama. Lazima akae, ale, atulie, ndipo aambiwe, wanaogopa asije akaondoka na nusu ya habari. Mtoto yeyote wa pale analijua hilo. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, sikulijua, na sikumpa mama yule nafasi ya kunifundisha.

Nimerudi mara nyingi. Makaburi ya wale waliokufa wakikimbia, chungu za mawe tu, na mawe ambayo wakulima wamekusanya wakisafisha mashamba yanafanana. Niliita mchungaji akaombea kilima chote. Aliomba vizuri, lakini moyo wangu haukukubali. Na ile chungu niliyosimama juu yake kupigwa picha, mwanangu, hiyo siwezi hata kuiongelea. Inaniuma.

Kwa hiyo ukifika, usianze na mapango wala picha. Ulizia nyumba ya mzee yeyote wa pale, piga hodi, ukae. Chakula wakikuwekea, kula mpaka wenyewe waondoe sahani. Wakikuambia kesho, lala hapo. Gari la Arua lipo kila siku. Usione unapoteza wakati, mimi niliokoa jioni moja tu nikampoteza baba mara ya pili.

Mungu akutangulie njiani, akufikishe kwa watu wenye subira na wewe. Akupe masikio mazuri kuliko ya kwangu. Na siku nitakapolazwa ardhini mimi, akujalie wewe upajue.