Sahani Iliyoanikwa Juani

Karani wa ofisi ya basi aliligeuza lile boksi mara tatu, kisha akasoma maandishi ya mdogo wangu kwa sauti kubwa ili abiria wote wasikie: "Sahani. Msikunje. Msikalie." Akaniangalia. "Dada, sahani moja? Kutoka Ulaya? Kwani sokoni hapa zimeisha?"

Watu wakacheka. Nikamwambia kwetu tunakula kwa zamu, alete boksi langu. Sikuwa na muda wa kumweleza mtu mzima kwamba sahani ni santuri ya muziki, na kwamba nyumbani kwetu neno hilo lina maana mbili tangu nizaliwe. Baba yangu hajawahi kuziita santuri. Ni sahani tu. Alizinunua akiwa kijana, akifanya kazi ya reli Manyoni, na alipostaafu tukahamia Mwankoko alizipakata mwenyewe njia nzima, wakati mimi na mama tumebanana na kuku. Sahani za kulia zilivunjika karibu nusu. Zake hazikupata hata mkwaruzo.

Lile boksi nililibeba kwa bodaboda, nimelikumbatia, na kila kwenye tuta nilimpiga dereva kofi la mgongo. Alikasirika, lakini hakujua nimebeba nini. Nilikuwa nimebeba miaka minane.

Mdogo wangu alikwenda Ujerumani kusomea uhandisi wa maji. Mwaka wa pili akaacha chuo, akaingia kwenye bendi ya panki, yeye akiwa mpiga ngoma. Panki ni muziki wa mbio na kelele. Wa kwao una kelele hizo hizo, ila chini yake kuna wimbo hasa, sauti nzuri kabisa ambayo unaweza kuifuatisha huku unafua. Mara ya kwanza aliponitumia kwenye simu nilidhani spika imekufa. Mara ya tatu nilijikuta nakanyaga cherehani kwa mwendo wake, nikashona mguu wa suruali ya mtu ukaenda upande.

Baba alipopata habari ya chuo, alimwambia kwenye simu, nami nimesimama pale pale: "Mtu ambaye hajatoa sahani si mwanamuziki, ni mpiga makopo. Siku ukitoa sahani nitakusikiliza. Kabla ya hapo usinipigie." Alijua anachosema. Kwa akili yake sahani hazitengenezwi tena popote duniani, kwa hiyo ilikuwa ni sawa na kumwambia asipige simu maisha yake yote. Mama alipofariki, mdogo wangu hakupata nauli ya kuja, na baba hakuomba kuongea naye. Salamu zao nilizibeba mimi. Mmoja ananiambia, "Mwambie baba shikamoo," na mwingine anapofikishiwa anauliza kama mbuzi wamekunywa maji. Niliwapenda wote wawili, na walinichosha wote wawili, nasema kweli.

Nilijaribu kumsikilizisha baba kwenye simu. Akasema, "Hiyo ni simu. Mimi nilisema sahani."

Kumbe Ulaya vijana wamezirudia. Bendi ya mdogo wangu ilitoa sahani zake chache tu, za rangi, kila moja imeandikwa namba yake kwa kalamu nyuma ya jalada. Wenzake walimwachia yeye achague rangi. Nilimkabidhi baba boksi, na alipofungua jalada, sahani ikatoka ya njano, katikati imemwagiwa kahawia, alizeti tupu, kama ya mashambani kwetu. Akaishika kwa pembeni kwa viganja viwili, anavyoshika siku zote, akaielekeza dirishani. Mwanga ukapita ndani yake. Kisha akapitisha kidole kwenye jalada, kidole kikatoka chekundu. Vumbi la barabarani lilikuwa limeingia mpaka ndani.

"Haichezwi hivi," akasema. "Itakula sindano ya mashine."

Nifafanue hapa. Baba huziosha sahani zake mwenyewe. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, kisha anazilaza chumbani kwake juu ya kanga safi, mlango umefungwa. Mama hakuruhusiwa kuzigusa, sembuse sisi. Lakini mwaka huo mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, hata chai alikunywa nusu kikombe. Aliitazama mikono yake, akaitazama sahani, akaniita. Nilikuwa uani, naosha vyombo vya asubuhi.

"Nioshee hiyo sahani," akasema.

Nikaiosha. Jamani, niliiosha kwa heshima zote! Sikuisugua, niliipapasa tu, kama ninavyomwosha mtoto mchanga kichwa. Nikaisuuza, nikaifuta kwa kanga. Halafu mkono wangu, huu hapa, ambao umekuwa ukipanga sahani kwenye kichanja tangu nina miaka saba, ukaipanga sahani kwenye kichanja. Nikaisimamisha vizuri kati ya sahani mbili za bati. Hata sikufikiri. Baba alisema sahani, nami sahani nikiiosha naiweka wapi? Kisha mteja akabisha hodi, amekuja kupima sare ya mwanawe, na yule mama akianza kuongea hujui ataishia wapi. Tulianza na sare, tukapita kwenye harusi ya jirani, tukamalizia na mume wake.

Jua letu la saa nne mnalijua. Hakuna wingu, upepo unakudanganya kwamba kuna baridi, kumbe unaungua.

Niliporudi uani nilishika mdomo. Sahani za bati zilikuwa zimesimama kama nilivyoziacha, na ile ya njano imelegea kati ya hizo mbili, ukingo umening'inia huku na huku kama chapati mkononi. Nilikaa chini kwenye maji ya vyombo, sketi yote ikalowa, na kitu cha kwanza nilichosema ni, "Ameniua. Baba ameniua." Kisha nikakumbuka kwamba muuaji ni mimi.

Nilifanya ujinga ambao mtu yeyote mwenye hofu angefanya. Nikaificha. Niliilaza ndani ya kitambaa, chini nikaweka ubao wa kukatia nguo, juu jiwe pana la kuegesha mlango, na juu ya jiwe kichwa cha cherehani. Baba akauliza sahani iko wapi. Nikasema inakauka. Jioni akauliza tena. Nikasema bado ina unyevu kwa ndani.

"Kwa ndani," akasema baba.

"Ndiyo, baba."

"Ni sahani au ni muhogo?"

Asubuhi yake nilimpelekea. Ilikuwa imenyooka kiasi, ila ukingo bado unapanda na kushuka. Nilipiga magoti mbele yake, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mitatu, nikamweleza kila kitu: kichanja, mteja, mpaka mume wa mteja. Nikasema asimlaumu mdogo wangu, alitimiza, sahani alitoa, ni mimi niliyeiharibu. Nikalia. Nililia hasa, kwa sababu niliona wazi jambo litakavyokwenda. Baba ni mtu wa neno lake. Alisema atasikiliza sahani, na sasa hakuna sahani ya kusikiliza. Akitaka kuendelea kununa miaka mingine minane, mlango nimemfungulia mimi mwenyewe, na miaka minane mbele kwa umri wake nani anaijua.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliichukua, akaiweka kwenye mashine yake, akashusha sindano. Mkono wa sindano ukapanda, ukashuka, ukaruka, ukatupwa nje. Akaurudisha, ukatupwa. Spika zilitoa sauti ya mtu anayekoroma. Mara ya nne mikono ikamtetemeka, sindano ikaangukia ndani kabisa, karibu na karatasi ya katikati, mahali ambapo jua halikufanikiwa kuikunja.

Ikashika.

Ulikuwa wimbo wa mwisho wa upande huo, mfupi mno, hata chai haipoi. Magitaa yakaja yote kwa mkupuo, mtu akapiga kelele, na chini ya kelele ile sauti nyingine ikaimba. Ngoma zilikuwa zinakimbia kuliko kitu chochote kilichowahi kupigwa ndani ya chumba kile. Baba aliinamisha kichwa, sikio moja kwenye spika. Wimbo ukaisha. Akainua sindano, akaitafuta ile sehemu tena kwa shida, akairudia. Akairudia mara ya tatu. Nilikuwa bado nimepiga magoti na miguu imekufa ganzi, lakini nani angethubutu kunyanyuka?

"Mpigie," akasema.

Nikapiga. Mdogo wangu alipopokea nilimwambia, "Baba huyu hapa," nikaweka sauti ya wote, maana sikuwa tayari kuhadithiwa.

"Shikamoo baba."

Baba hakuitikia. Alikohoa, akasema, "Huyo anayepiga ngoma ana haraka sana. Nani anamfukuza?"

Mdogo wangu akasema taratibu, "Ndivyo muziki wenyewe ulivyo, baba."

"Anakimbia. Lakini nimemsikiliza mara tatu, hajapotea hata mara moja." Akaichukua simu mkononi mwangu. "Marahaba. Nimesikia wimbo mmoja tu. Dada yako ameianika sahani kwenye kichanja, imekuwa chapati. Tuma nyingine."

Nilisikia pumzi ikitoka upande wa pili. "Zimeisha, baba. Zilikuwa chache, zimeuzwa zote. Hiyo niliyokutumia ndiyo ilikuwa yangu."

Nilifunika uso. Baba aliitazama ile sahani ya njano ikizunguka bila sindano, ukingo unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kwa muda mrefu hata nikadhani amesahau kwamba ameshika simu.

"Basi njoo uzipige mwenyewe hizo nyimbo zilizobaki," akasema, akanikabidhi simu, akainuka kwenda kutazama mbuzi.

Mdogo wangu alikuwa analia. Nilimwambia alie haraka haraka, bando langu linakaribia kukatika, na tuna tarehe ya kupanga.