Fremu ya Anaeli na Mvua ya Chini ya Wastani

Anaeli, mtoto wa kaka yangu, alikuwa na fremu ya duka nzuri kuliko zote katika lile jengo la Mchafukoge, na sasa hana. Kisa chake kinasimuliwa Kariakoo nzima, kila mtu kwa mdomo wake, na wengi wanaosimulia hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Basi nasimulia mimi.

Nilimleta mwenyewe kutoka Mwika, amemaliza darasa la saba, ripoti yake ya shule ameikunja mfukoni. Mwalimu alikuwa ameandika neno moja tu chini pale: wastani. Nikamuuliza maana yake, kwa kuwa shule yangu mimi iliishia darasa la pili. Akasema, "Wastani ni mtu wa katikati, Shangazi. Si mjinga, wala si hodari." Nikamwambia hapa mjini watu wa katikati ndio wanaokanyagwa, achague upande mmoja.

Akachagua. Alibeba mizigo ya watu, akauza kalamu mkononi kule Gerezani huku akifukuzwa na mgambo, akapata nusu meza, kisha meza nzima. Mzee Bhupendra, mwenye jengo, alikuwa akimpita kila asubuhi akimkuta ameshafungua. Siku moja akamuita akampa fremu: mlango mmoja juu, unaotazama barabara, na stoo yake chini ya ardhi. Ile stoo wapangaji wote tunaiita shimoni. Anaeli akaanza kuuza madaftari kwa jumla. Akaoa, akajenga nyumba Mwika, akanenepa shingo. Watoto wake wanaongea Kiingereza, mimi wananisalimia kama wanasukumwa.

Mzee Bhupendra alikuwa na sheria moja ya shimoni. Mzigo haulali sakafuni. Kila mpangaji aweke chaga, zile mbao za kupangia mzigo juu yake, ili maji yakiingia yapite chini. Anaeli hakuwa na chaga alipoanza, nikamwazima zangu. Mimi nauza ndoo na mabeseni, vitu vyangu vinaning'inia juu mlangoni, shimoni sina shughuli napo tena.

Mzee alipofariki, jengo likashikwa na mwanawe, Urvish. Kijana mpole, hapandishi sauti. Aliandikisha mikataba upya, na ndani yake akaweka maneno kuhusu maji. Kwamba mvua za msimu zikizidi kawaida na maji yakaingia shimoni, hasara ya jengo ni ya mwenye jengo, na mpangaji habanduki. Lakini mvua zikiwa za kawaida au pungufu, halafu mzigo wa mpangaji ukaharibu jengo, mpangaji anatoka na fremu inarudi. Anaeli alitusomea sisi wengine pale ngazini, kwa sababu yeye alipenda kusoma mbele za watu. Akasema ni mkataba wa haki kabisa. Akasaini wa kwanza.

Sasa huyu Anaeli alikuwa na tabia moja. Watu wa hali ya hewa wakitoa utabiri, yeye anausoma kwenye simu na kututangazia kama yeye ndiye aliyewatuma. Juu ya wastani, chini ya wastani, wastani hadi juu ya wastani. Mwaka ule wa vuli ninayoisema, walitangaza chini ya wastani, na kweli Oktoba ikapita kavu, Novemba ikapita kavu. Mawingu yalikuwa yanakuja yanatuzunguka juu ya Ilala, halafu yanaondoka bila kutoa salamu. Anaeli akawa anatembea kifua mbele.

Desemba ndiyo mwezi wa madaftari, kwa kuwa Januari shule zinafunguliwa. Mzigo wake uliletwa mwingi kuliko stoo. Akaona zile chaga zinamlia nafasi. Akazing'oa, akazitoa nje, akapanga maboksi kuanzia sakafuni mpaka darini.

Mrisho, fundi kufuli anayekaa na meza yake mlangoni mwa jengo, akaita watu. "Jamani njooni muone. Mchaga anang'oa chaga."

"Kelele wewe," Anaeli akasema.

"Mimi nauliza tu bosi. Mchaga akikosa chaga, kabila gani linabaki hapo?"

Watu wakacheka, na Anaeli naye akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia arudishe mbao chini.

"Shangazi, mvua zimepimwa miaka thelathini," akasema. "Watu wamekaa, wakajumlisha, wakagawanya. Hiyo ndiyo inaitwa wastani. Mwaka huu hata hapo hazifiki. Unaona wewe mwenyewe vumbi."

"Mbao zangu zitaoza hapo nje."

"Zitaoza kwa maji gani, Shangazi?"

Wakacheka tena, safari hii ni mimi wanayemcheka. Mbao nikazipandisha kwangu, nikamlipa mpagazi kwa hela yangu mwenyewe.

Kabla ya Krismasi akaenda Mwika na mkewe Caroline na watoto, kama wanavyoenda Wachaga wote wa Kariakoo. Siku hizo ukipita mtaani unaona milango imefungwa safu nzima. Ufunguo wa shimoni aliondoka nao. Mimi magoti yalinikatalia safari, nikabaki.

Mvua ilishuka siku mbili tatu baada ya sikukuu, mchana. Ilianza saa nane hivi na haikuwa na upepo wala radi. Ilishuka tu, wima, kama mtu anayemwaga kwa makusudi. Barabara ikajaa, mtaro ukakataa, maji yakapanda ngazi yetu ya kwanza, kisha yakageuka na kuanza kushuka shimoni. Nilikuwa nimesimama juu ya kigoda nikiyaangalia. Nikampigia Anaeli. Nilisikia muziki na watu wanagombania nyama.

"Anaeli, maji yanaingia shimoni."

"Shikamoo Shangazi. Heri ya sikukuu."

"Marahaba. Maji yanaingia shimoni nakwambia."

"Hiyo ya kupita tu, Shangazi. Wamesema chini ya wastani. Haina nguvu hiyo."

"Mrisho yuko hapa, avunje kufuli watu wapandishe maboksi?"

Alikuwa anawaza wapagazi watakaoingia stoo yeye hayupo, nilimjua. "Hapana," akasema. "Asiguse mtu. Nitakuja."

Alikuja baada ya mwaka mpya. Alifungua kufuli, lakini mlango ulikataa. Madaftari yalikuwa yamekunywa maji yakavimba, yakausukuma mlango kwa ndani kama ng'ombe aliyelala. Ilibidi wakate bawaba. Ndani hakukuwa na daftari tena, kulikuwa na uji. Ule uji uliingia kwenye bomba la pampu ya kutolea maji ukaliziba, ndiyo maana maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mita za umeme. Jengo zima lilikaa giza, wauza simu wa ghorofani wakawa wanafanya kazi kwa tochi. Hakuna aliyempa pole. Walipita pale ngazini, wanamwangalia alivyosimama na suruali ameikunja magotini, wanauliza lini umeme unarudi. Mrisho ndiye aliyemsemesha, akamuuliza kama atauza uji kwa kikombe au kwa ndoo.

Urvish akamuita ofisini kwake na mimi nikaitwa kama mzazi. Mama yake Urvish, aitwaye Ila, alikuwa amekaa pembeni anachambua dengu. Urvish akasoma yale maneno ya mkataba, taratibu.

Anaeli akasema, "Bosi, hapo hatuna ugomvi. Mvua ile kila mtu aliiona. Ilizidi kawaida."

"Mimi niliiona pia," Urvish akasema. "Lakini macho yangu na macho yako yana maslahi, kaka. Nani aamue?"

Hapo ndipo Anaeli alipojifunga mwenyewe. Akasema, "Watu wa hali ya hewa. Tuwaombe vipimo." Alisema kwa furaha. Akanitazama kama anayeniambia, unaona faida ya kusoma.

Vipimo vikaja. Urvish alisubiri Anaeli avisome mwenyewe. Mvua za msimu ule wa vuli, zikilinganishwa na wastani wa muda mrefu, zilikuwa pungufu. Anaeli akarudia kusoma, midomo inacheza. Zilikuwa pungufu hata ukiiweka ile mvua ya siku ile ndani yake, kwa kuwa miezi iliyotangulia haikuleta kitu.

"Mkataba umesema msimu," Urvish akasema.

"Tuangalie siku yenyewe, bosi. Msimu sio uliojaza shimo. Ni siku moja."

Urvish hakukataa. Akaomba na ya siku. Siku yenyewe ikaonyesha manyunyu. Kipimo kinachosomwa kiko kule upande wa uwanja wa ndege, na mawingu yale yalikuwa yamekaa juu ya vichwa vyetu tu, Mchafukoge na Gerezani na Mchikichini. Kule watu walikuwa wanaanika nguo.

Anaeli akavua miwani akaifuta kwa shati. Nilimwona anatafuta pa kushika. Kisha akanigeukia.

"Basi tumuulize Shangazi. Yeye ndiye wa zamani kuliko wote humu, hata kuliko marehemu mzee. Na siku ile alikuwepo, mimi sikuwepo. Mama Nice haongopi, bosi, unamjua."

Urvish akafikiri. Akamtazama mama yake. Mama yake akatikisa kichwa ule mtikiso wao, ambao ni ndiyo. "Sawa," Urvish akasema. "Neno la Mama Nice nitalichukua. Akisema ilizidi, unabaki na fremu yako. Shikamoo Mama, samahani tunakusumbua."

"Marahaba."

"Tangu uje hapa mjini, umeshawahi kuona mvua kama ile?"

Dengu zikaacha kulia kwenye sinia. Anaeli alikuwa ananitazama kwa uso ule ule aliokuja nao kutoka Mwika.

Nikakumbuka mvua zote. Nikakumbuka masika yale ambayo Jangwani ilikuwa bahari na vitanda vya watu vinapita vinaelea. Nikakumbuka ile iliyonyesha tangu alfajiri mpaka kesho yake, tukapika juu ya meza, mwanangu Nice ni mchanga nimemfunga kifuani. Mvua ya Anaeli ilikuwa ya mchana mmoja. Kabla ya magharibi ilikuwa imekwisha, na mimi nikatembea kwa miguu yangu kwenda nyumbani, viatu mkononi.

"Nimeona," nikasema. "Na kubwa kuliko ile nimeona nyingi."

Anaeli akasema polepole, "Shangazi."

"Nimeulizwa nimejibu."

"Sema hukumbuki, Shangazi. Wewe ni mtu mzima, hakuna atakayekulaumu."

Hilo ndilo lililoniudhi. Niseme sikumbuki, mimi. Aliyenicheka mbele ya wapagazi kwa ajili ya mbao, leo anataka nijifanye kikongwe kilichopoteza akili ili yeye abaki na mlango. Nikamwambia nakumbuka kila kitu, hata nani alizing'oa chaga na nani alizibeba.

Urvish hakufurahi wala hakuhuzunika. Akakunja karatasi. Akasema mpaka mwisho wa mwezi.

Jioni ile Caroline alinifuata nyumbani. Hakuketi. Aliniambia Mungu ananiona. Nikamwambia na mimi namwona yeye, aketi au aondoke, mlango unaingiza mbu. Akaniambia ningesema neno moja tu, moja, watoto wasingeondolewa shule yao. Nikamuuliza neno lipi hilo, la kweli au la kwake. Akalia pale pale amesimama, na mimi nikaendelea kuchagua mchele. Watu wa ukoo wamenipigia kutoka Mwika, mmoja baada ya mwingine. Kaka yangu, baba yake Anaeli, amesema akifa nisimzike. Nimemwambia mimi ndiye mkubwa, nitamtangulia, yeye ndiye atafute wa kumzika.

Mwisho wa mwezi Anaeli alitoa rafu zake. Zilikuwa mpya, za chuma, akaziuza kwa aliyekuwa jirani yake, ambaye alimpunja na wote tuliona. Kibao cha juu chenye jina lake alikishusha mwenyewe akiwa juu ya ngazi, Mrisho akimshikia. Mrisho siku hiyo hakusema neno. Sasa Anaeli yuko Mchikichini, ndani kabisa kule kwa viatu vya mitumba, anapiga viatu vya watu brashi kwa ajili ya mtu mwingine.

Alipomaliza kutoa, alikuja mlangoni kwangu. Akasimama kati ya ndoo zangu. Nikangoja shikamoo, hakuitoa. Akaweka ufunguo juu ya beseni lililofunikwa na kusema, "Mpelekee rafiki yako. Mimi uso wake sitaki kuuona."

"Miguu yako imeisha?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshaondoka.

Nikafunga duka, nikapanda ngazi na magoti yangu haya, nikipumzika kila kituo. Urvish hakuwepo. Alikuwepo mama yake. Nikamkabidhi ufunguo, akaupokea kwa mikono miwili, akauweka kwenye droo pamoja na nyingine, akaniambia niketi, nimechoka. Akanimiminia chai ya tangawizi, tamu sana, kama wanavyoipenda wao. Niliinywa yote.