Siku Mtoto Alipokosa Kulia

Kwetu, karibu na Bukura, mtoto akiugua hakuwa wa mama yake peke yake. Nyanya aliweka shavu lake juu ya tumbo la mtoto, shangazi akamnusa mdomo, mke wa mjomba akasema ni meno tu, na wote wakabishana kwa Kiluhya hadi chai ikapoa. Kisha mmoja wao, hukujua atakuwa nani, alisimama na kusema, "Huyu apelekwe." Ubishi ukaisha. Mmoja alikimbia kuita pikipiki, mwingine akatafuta shuka. Mimi kelele zile ziliniudhi. Niliapa kwamba nikipata wangu nitamwangalia mwenyewe, bila kuhojiwa na kijiji kizima.

Mungu alinisikia vizuri kupita kiasi. Nikaolewa Lugari, ng'ambo ya Chekalini, kwenye mashamba makubwa yaliyokuwa ya wazungu zamani. Shamba ni zuri, sikatai, lakini mahindi yakishapita kichwa huoni hata moshi wa jirani. Mume wangu anaendesha lori, na mama yake alifariki kabla sijafika. Tukabaki mimi, mtoto wangu wa kwanza ambaye hakuwa ametimiza mwaka, na ng'ombe mmoja mwenye kiburi. Kuna siku nilimsimulia ng'ombe huyo habari za kwetu, na sioni haya kusema.

Mtoto alianza kuchemka siku ambayo majirani wote walikuwa wameenda matanga. Nikampa dawa ya homa, nikampangusa kwa kitambaa cha maji. Alilia sana, nami nikalia naye kidogo. Nilimpigia mume wangu, simu ikawa mteja hapatikani. Nilimpigia nyanya, lakini siku hizi hasikii vizuri, akaniuliza kama mahindi yamekomaa. Nilitamani hata yule mke wa mjomba aje aniambie ni meno.

Kulipokucha, homa ilikuwa imeshuka kidogo na kilio kimekwisha. Alilala begani mwangu kimya. Nikashukuru, nikajiambia nimeweza peke yangu.

Ndipo akaja mwanamume anayekusanya maziwa. Mtoto wangu hakumpenda binadamu yeyote ila mimi, na huyu ndiye aliyemchukia zaidi, kuanzia kofia hadi gambuti. Kila asubuhi bwana huyo alimnyooshea mikono kumtania, na kila asubuhi mtoto alipiga yowe na kunikaba shingo. Tulicheka. Mara nyingi hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu ya siku nzima.

Siku hiyo alinyoosha mikono kama kawaida. Nilikuwa nahitaji kumimina maziwa, nikampa. Mtoto hakulia. Aliweka kichwa kwenye koti lile lenye harufu ya maziwa yaliyochacha, macho nusu wazi, mkono ukining'inia.

"Leo amenipenda!" yule bwana akacheka. "Si nakuambianga, mama? Atanizoea tu."

Nilisimama na ndoo mkononi. Mtoto hakuwa amemzoea mtu. Alikuwa hana nguvu za kukataa. Alikuwa mikononi mwa mtu aliyemtisha kuliko wote, na hakujali. Nilingoja mtu aseme neno. Nilingoja kweli, kama mjinga, nikimkodolea macho yule bwana, naye alikuwa bado anatabasamu.

"Apelekwe," nikasema, kwa sauti ya mtu anayegombana.

"Nani?"

"Mtoto. Tupeleke hospitali sasa hivi."

"Lakini si ametulia, mama?"

"Ndiyo maana."

Hakubishana tena. Alishusha mitungi ya maziwa kutoka kwenye pikipiki, akaniacha nijifunge mtoto mgongoni, tukaenda.

Kwenye kituo cha afya daktari alimtoboa kidole, akamvuta kope kutazama damu, akasikiliza kifua. Ilikuwa malaria, na damu ilikuwa imeanza kupungua. Wakamtundikia dripu. Sindano ilipoingia alikunja uso tu, na sijawahi kuogopa kimya kama nilivyokiogopa kile. Kufikia jioni alishika ziwa na kunyonya kwa hasira, nikaanza kupumua.

Daktari alipopita tena alimgusa paji la uso, akaridhika. "Umemleta kwa wakati, mama. Wengi wakiona mtoto amenyamaza hudhani amepata nafuu. Nani alikuambia umlete?"

Nilifungua mdomo nimtaje mtu. Nilipitia sura zote za wanawake wa kwetu kichwani.

"Hakuna," nikasema.

"Hongera basi," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Hapo ndipo machozi yalinitoka, na hayakutaka kukoma. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa amezungukwa na mama yake na dada zake, aliniletea kipande cha mkate. "Usilie, dada," akasema. "Mtoto wako anapona."

Nilijua anapona. Safari hii mimi ndiye niliyesema apelekwe, na sikuwa na mtu wa kwetu wa kumwambia.